Miaka minne ya kujenga reli ya mkonge juu ya meza

Nilizaliwa katika kota za reli nje kidogo ya Korogwe, ambako baba yangu alikuwa nyapara wa gengi. Asubuhi alitoka na vijana wake wakiwa na mitaimbo na sululu kwenda kushindilia kokoto, na jioni alirudi akisimulia ni kilomita ipi iliyokuwa imezama na ni taruma lipi, yaani gogo linalolaliwa na reli, lililolegea. Upande mmoja tuliona milima ya Usambara, upande wa pili mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari hadi macho yanapokoma. Treni ya abiria ilipoacha kupita, sisi watoto wa kota tulihisi kama tumefiwa. Iliporudi mwezi Desemba 2019, ikitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, nilikuwa tayari mtu mzima mwenye familia na chumba kimoja kisicho na kazi katika nyumba yangu ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka 2020 nilisafiri nayo hadi Korogwe, na katika safari ile ndipo nilipoamua kujenga mfano mdogo wa reli ile, wenye treni zinazotembea.

Ninaandika kwa sababu jaribio langu la kwanza lilikufa baada ya mwaka mmoja na nusu, likiwa limekula takriban shilingi 1,900,000, na karibu kila kosa lililoliua lingeweza kuepukika kama ningempata mtu wa kunieleza kwa lugha ninayoielewa.

Kosa la kwanza lilikuwa kununua kabla ya kupima. Binamu yangu anayeishi Hamburg alinitumia seti ya mwanzo ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi), ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa na watu wengi zaidi duniani. Nilifurahi kupita kiasi, nikaunganisha reli zote siku ileile. Ilinichukua miezi kuelewa kwa nini kila nilichojenga kilionekana kigeni. Reli za HO zina upana wa milimita 16.5 kati ya reli moja na mwenzake, na ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, ambao ni upana wa reli ya kisasa ya SGR. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, ina upana wa mita moja. Ukigawanya mita moja kwa 87 unapata milimita 11.5. Kwa hiyo nilikuwa nimejenga stesheni ya Korogwe na kuitandikia reli pana kuliko inavyostahili kwa karibu nusu yake. Mtu asiyejua reli huenda asiseme kosa liko wapi, lakini jicho lake litakataa kuamini.

Dawa ya jambo hili ipo. Kuna reli zinazouzwa kwa jina la HOm, zenye upana wa milimita 12, ambazo hutengenezwa hasa kwa ajili ya reli nyembamba za Uswisi na Ujerumani. Tatizo ni kwamba vichwa vya treni vya HOm ni ghali na karibu vyote vina sura ya Ulaya. Njia niliyoifuata baadaye ni kununua kichwa cha treni cha kipimo cha TT, yaani 1 kwa 120, ambacho reli zake pia ni za milimita 12. Nilivua bodi yake, nikabakiza fremu, mota na magurudumu, kisha nikaunda juu yake bodi yangu mwenyewe kwa karatasi ngumu na vipande vya plastiki, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Mabehewa niliyafanya vivyo hivyo. Anayetaka kujenga reli yoyote ya mita moja ya Afrika Mashariki, iwe ya Tanga, ya Kati au ile ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ninamshauri aanzie hapo na si kwenye seti ya dukani.

Kosa la pili lilikuwa meza. Nilichukua plaiwudi nzima, ya futi nane kwa nne, nikaisukuma hadi kwenye pembe ya chumba. Mkono wa mtu mzima aliyesimama wima hufika kama sentimita 70 tu, nayo plaiwudi ile ina upana wa sentimita 122. Kila treni ilipoanguka upande wa ukutani ilinibidi nipande juu ya meza kwa magoti, na kila nilipopanda, kitu kilivunjika. Isitoshe, miguu ya meza niliikata kwenye mbao laini za bei nafuu ambazo hazikupakwa dawa. Msimu wa masika wa mwaka 2021 niliona njia ya udongo imepanda kwenye mguu mmoja. Nilipoubonyeza kwa kidole, kidole kikaingia ndani. Mchwa walikuwa wamekula miguu miwili na sehemu ya fremu, na meza yote ilikuwa imeegemea ukuta pasipo mimi kujua.

Hata hivyo mchwa hawakuwa adui mkubwa. Adui mkubwa alikuwa mchanga. Nilipofika hatua ya kumwaga kokoto kati ya mataruma, nilikwenda ufukweni nikachota mchanga mzuri mweupe, nikauchekecha na kuugandisha kwa gundi ya mbao. Sikuuosha. Chumvi iliyomo huvuta unyevu, na hewa ya Dar es Salaam haina upungufu wa unyevu. Katika wiki chache reli zilianza kuota utando wa kijani na wa kahawia, treni zikawa zinasimama kila baada ya sentimita chache, na kila nilipopangusa utando ulirudi. Pointi mbili, yaani mahali njia ya reli inapogawanyika, ziliganda kabisa kwa sababu nilikuwa nimemwaga gundi hadi kwenye ulimi wa reli unaotakiwa kusogea. Nilikaa juu ya kiti nikiangalia kazi ya miezi kumi na minane na nikajua kwamba haiokoleki. Nilipoibomoa sikumwambia mtu yeyote kwa siku tatu. Mke wangu ndiye aliyegundua, alipoona mbao zimesimamishwa uani, naye hakuniuliza gharama. Aliniuliza kama nitaanza tena, na swali lile lilinisaidia kuliko pole.

Kabla ya kugusa mbao kwa mara ya pili nilitumia miezi minne kupima tu. Nilirudi Korogwe, nikamwomba stesheni masta ruhusa ya kupiga picha, kwa kuwa reli ni mali ya umma yenye ulinzi na si busara mtu kuanza kupiga picha kabla ya kujitambulisha. Sikuwa na haja ya kupanda paa na futi. Mlango wa kawaida una urefu wa karibu mita 2.1, hivyo picha iliyopigwa kwa kukabili ukuta, yenye mlango ndani yake, tayari imebeba rula yake. Mita 2.1 katika kipimo changu ni milimita 24, na kutokana na hapo nilipata madirisha, paa na ukingo wa jukwaa. Nilienda pia kwenye shamba la mkonge, nikamwomba mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana wake anieleze namna safu zinavyopandwa. Aliniambia wanapanda safu mbili mbili. Kati ya mche na mche ni sentimita 80, kati ya safu pacha ni mita moja, kisha inaachwa njia ya mita nne ili wakataji wapite na kutoa matita yao. Nilipopiga hesabu niliona inatoka miche 5,000 kwa hekta.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua ukubwa wa kazi yangu. Safari hii sikujenga meza moja bali vipande vitatu, kila kimoja sentimita 120 kwa 45, vinavyofungwa pamoja kwa boliti na kukaa ukutani kama rafu kwa urefu wa kifua. Cha kushoto kina reli za maficho, ambako treni husubiri nyuma ya ubao uliochorwa milima. Cha katikati ni stesheni. Cha kulia ni shamba la mkonge na korona, kile kiwanda cha kusaga majani na kutoa singa. Hakuna duara, treni inatoka mafichoni, inasimama stesheni, inaacha mabehewa, inarudi. Wengi hupenda treni izunguke bila kukoma, nami siwalaumu, lakini katika chumba kidogo duara hulazimisha kona kali ambazo mabehewa marefu hayazipendi, na baada ya dakika ishirini hakuna kipya cha kutazama. Mbao nilichagua mkongo, ule mti mgumu, uliokauka vizuri, nikaupaka dawa ya mchwa, na kila mguu ukasimama ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari.

Niliapa pia kukamilisha kipande kimoja kabla ya kuanza kingine. Kukamilisha ninamaanisha reli, umeme, majaribio, ardhi, majani, watu na vumbi. Kipande cha stesheni kilichukua miezi tisa. Nilijifunza makosa yangu juu ya sentimita 120 badala ya kuyasambaza katika chumba kizima.

Kuhusu umeme nitasimulia tukio ambalo bado hunitisha. Kwa sababu ya kukatika kwa umeme niliamua kutumia betri ya volti 12 ya mfumo wa jua, na kifaa kidogo cha kurekebisha mwendo wa mota. Wazo lilikuwa zuri na hadi leo ndivyo ninavyoendesha treni zangu. Lakini sikuweka fyuzi. Kifaa cha umeme cha seti ya dukani hujizima reli mbili zinapogusana. Betri haijizimi, bali hutoa mkondo wote ilionao. Jioni moja behewa lilianguka kwenye pointi, gurudumu la chuma likaziunganisha reli mbili, na waya mwembamba chini ya meza ukawaka kama uzi wa taa. Mwanangu wa miaka saba alikuwa amesimama pale pale. Niliung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu na nikaungua viganja, lakini moto haukushika mbao. Asubuhi yake nilinunua fyuzi ya ampea mbili kwa bei ndogo kuliko nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, nikaiweka karibu kabisa na kichwa cha betri. Tafadhali, yeyote atakayetumia betri asiunganishe waya hata mmoja kabla ya fyuzi hiyo.

Mengine ya umeme ni mepesi. Usitegemee vile vibano vinavyounganisha kipande cha reli na kingine kupitisha umeme, kwa sababu katika hewa ya pwani hulegea na kupata kutu. Lehemu waya kwenye kila kipande cha reli na uupeleke kwenye waya mkubwa uliopita chini ya meza. Tumia rangi mbili za waya na usizibadilishe hata zikikuishia usiku. Reli isafishwe kwa spiriti na kitambaa, si kwa msasa, maana mikwaruzo ya msasa hugeuka kuwa makazi ya uchafu.

Sasa nifike kwenye ardhi, sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kwa miaka miwili niliamini kwamba mandhari nzuri lazima iagizwe nje. Niliwahi kulipia mfuko wa nyasi za bandia, na ushuru ukakokotolewa juu ya bei pamoja na nauli, kisha ikaongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hata mfuko wa kijani kibichi ukawa na gharama ya gunia la mchele. Ulipofika, kijani chake kilikuwa cha malisho ya Ulaya wakati wa mvua. Korogwe mwezi Septemba haina kijani hicho hata mahali pamoja.

Ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa ninajenga shamba la mkonge na kutafuta nyasi ng'ambo. Singa za mkonge, zile zinazosokotwa kamba, zikikatwa kwa milimita nne na kusimamishwa juu ya gundi mbichi, ni nyasi kavu kamili. Rangi yake ya asili ndiyo rangi ya kiangazi chetu. Nilizichemsha kiasi katika rangi ya nguo ya kijani hafifu, nikachanganya na zisizotiwa rangi, theluthi moja kwa theluthi mbili, nikapata ukingo wa reli niliokuwa nikiukanyaga nikienda shule. Udongo nao nilichukua Korogwe kwenyewe, ule mwekundu. Niliukaanga juu ya sufuria kavu ili kuua mayai ya wadudu, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, kisha nikapitisha sumaku juu yake mara nyingi, kwa kuwa udongo wetu una chembe za chuma ambazo mota huzivuta na kuzisaga ndani yake. Kwa kokoto nilitumia vumbi la mawe wanalotumia wafyatua tofali, nikaliosha mara tatu na kulichekecha kwa chujio la chai. Chembe ya nusu milimita katika kipimo changu ni jiwe la sentimita nne na kidogo, yaani kokoto halisi ya reli. Limwagwe likiwa kavu, lipangwe kwa brashi, lilowanishwe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi isijikusanye kama shanga, kisha gundi nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji idondoshwe kwa bomba la sindano. Kabla ya hayo yote treni iwe imepita pale kwa majuma mawili bila kuanguka, kwani baada ya gundi kukauka hakuna marekebisho mepesi.

Mkonge wenyewe ulinichosha. Shamba langu lina sentimita 30 kwa 50, na kwa ile hesabu ya mzee linahitaji miche zaidi ya 560. Kila mche ni vipande sita vya karatasi vilivyokatwa kama nyota, vimepakwa rangi ya kijani yenye kijivu, vikachomekwa kwenye pini na kukunjwa ncha kwa sindano. Mche mmoja ulichukua dakika nne. Nilipofikisha miche 120 nilitaka kuacha. Kilichoniokoa ni kutambua kwamba macho huhesabu safu za mbele tu. Safu nne za mbele nikazifanya kwa ukamilifu, za katikati kwa vipande vitatu, na za nyuma nikazipunguza kimo ili zionekane ziko mbali. Nilisimamisha pia milingoti michache, yale mashina marefu ya maua ya mkonge, kila mmoja wa sentimita saba, sawa na mita sita za shambani. Mahali ambapo sikupunguza chochote ni kwenye nafasi kati ya safu, kwa kuwa mtu wa Tanga akiona mkonge uliopandwa bila ile njia ya mita nne atajua hapo hapo kwamba mjengaji hajawahi kuingia shambani.

Kuna reli ndogo za ndani ya shamba, zile za toroli zilizobeba majani kwenda korona, ambazo upana wake ulikuwa sentimita 60. Nilitandika za milimita 6.5, za kipimo cha Z, na nilijaribu kwa miezi miwili kupata kichwa kidogo kinachotembea juu yake. Magurudumu yake ni madogo mno. Chembe moja ya vumbi inatosha kuyasimamisha. Mwishowe niliacha toroli zisimame zikiwa zimejaa matita, na sijutii. Si kila kitu lazima kitembee.

Gharama za awamu ya pili, hadi mwezi Agosti 2024, zilikuwa shilingi 1,480,000, na zaidi ya nusu yake ni kichwa cha treni, reli na pointi tatu. Ardhi yote, kwa maana ya udongo, nyasi, kokoto, miti na mkonge, haikufika shilingi 90,000. Aliye na fedha kidogo anunue pointi nzuri na magurudumu mazuri, akajitafutie mengine yote kwa mikono yake.

Mwezi huo huo wa Agosti baba alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Nilimwingiza chumbani jioni, nikamsogezea kiti, nikaendesha treni kutoka mafichoni hadi stesheni. Hakusema neno. Akainuka, akainama hadi jicho lake likawa usawa wa reli, kama alivyokuwa akifanya miaka yote ya gengi, kisha akapitisha kidole taratibu juu ya reli kutoka jukwaani kuelekea korona. Kidole kilisimama sentimita chache baada ya pale vipande viwili vya meza vinapoungana.

"Mwanangu, hapa pamezama," alisema.

Niliweka pima maji. Kiputo kilisogea kiasi cha unywele, na ndipo nilipoelewa kwa nini behewa la mwisho lilikuwa likiachana na mwenzake mahali pale kila mara, jambo nililokuwa nikilaumu vibano vya mabehewa kwa wiki sita. Baba aliomba koleo dogo na kijiti. Tulilowanisha gundi ya kokoto kwa maji ya moto, tukanyanyua reli, yeye akanielekeza niingize kipande cha karatasi ngumu chini ya mataruma matatu, wala si chini ya moja, kisha akarudishia vumbi la mawe na kulishindilia kwa ncha ya kijiti, mara upande huu mara upande ule, polepole, hadi saa nne usiku mke wangu alipokuja kutuita mezani.